Mwaka Tanga Lilipopanda Mlima

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, Kolumba alibaki na mimi. Hakuniuliza kama nataka abaki. Alitundika kitenge chake kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage. Tumefahamiana tangu yeye akiwa nesi na mimi mwalimu kijana kule chini Mbamba Bay, na sasa sote tuna magoti yanayotusumbua tukikaa muda mrefu. Siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu Egno, nilikuwa nimekaa karibu na moto, nikitazama chungu bila kukiona, Kolumba akasema, "Tabitha, unakumbuka ulivyomwita Mwalimu Benaya mwoga mbele ya watu, pale ufukweni?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, nikaona aibu, kisha nikaacha kuona aibu. Tuliongea mpaka maharage yakaungua kidogo upande wa chini. Habari za ukoo wangu na za utoto wangu nitaziacha, wengine watazieleza vizuri kuliko mimi. Nitaeleza mwaka huo mmoja, maana kama upepo usingevuma siku ile, leo nisingekuwa mjane wa huku Mkumbi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyokuwa matupu tangu nikiwa shule ya msingi yalianza kujaa sabuni zenye majina tusiyoweza kuyatamka, na marobota ya mitumba yalifunguliwa juu ya mikeka sokoni. Kila mtu alikuwa anajaribu jambo. Jambo letu sisi lilikuwa mashua. Mhandisi mmoja wa maji, mgeni, alipomaliza mkataba wake aliacha mashua ndogo ya tanga ikiwa imepinduliwa nyuma ya shule yetu, na Mwalimu Benaya, aliyefundisha useremala, aliiziba nyufa na kutangaza kwamba tunaanzisha Chama cha Mashua. Tulikuwa watano: yeye mwenyekiti, mimi katibu, Kolumba nesi, Yohana bwana samaki, na Egno, fundi bomba wa idara ya maji, kijana wa Kimatengo aliyeteremka kutoka milimani, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu hata salamu. Wavuvi walitushangaa sana. "Watu wazima mnaingia ziwani bila nyavu," mama mmoja aliniambia huku akigeuza usipa wake, dagaa wetu wa ziwani, juani, "mnakwenda kufanya nini huko?" Jumamosi alasiri tulizunguka ghuba, tukarudi nguo zimelowa, tukala mihogo ya kuchemsha nyumbani kwa Benaya, na mimi nilikwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata mahali pengine.

Tanga la zamani lilikuwa limeoza. Nikajitolea kushona jipya, kwa kuwa nilifundisha sayansi kimu na chumba changu kilikuwa na cherehani ya shule. Kitambaa nilikipata sokoni, kwenye robota la mapazia ya mtumba: mapazia mazito ya michirizi ya buluu na rangi ya maziwa, ya nyumba kubwa ya nchi ya baridi. Kwa miezi mitatu chumba changu kilijaa pazia. Nilikula nikiwa nimelikunja mapajani. Nilishona kila mshono mara mbili, kisha nikausugua kwa mshumaa ili maji yasipenye. Egno alikuwa anakuja jioni kabla ya magharibi kunishikia upande mmoja nilipopima, na mlango tuliuacha wazi ili majirani wasipate la kusema. Hatukuzungumza mengi. Aliwahi kuniambia kwamba alikaa seminari miaka sita, akaacha mwaka mmoja kabla ya kumaliza, na kwamba tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, hajakanyaga nyumbani. "Kwa nini?" nilimuuliza. "Mzee alikuwa ameshamwambia kila mtu," alisema, akaendelea kushika pazia.

Likizo ya Juni tulipanga safari yetu ya kwanza ya kweli: kwenda Liuli kwa mashua, kulala kwa ndugu zake Yohana, kurudi siku ya nne. Nilisubiri siku hiyo kama watu wanavyosubiri arusi. Usiku wa kuamkia safari, mwera ukaanza. Mwera ni upepo wa kusini, na ukija na nguvu zake ziwa lote linageuka kuwa jeupe. Asubuhi tulikuta mitumbwi yote imevutwa juu, mabati mawili ya stoo ya shule yameng'oka, na Benaya amesimama ufukweni mikono mgongoni. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Leo hatuendi. Wala kesho." Nikamwambia tanga langu ni imara. Akasema hana shaka na tanga. Nikamwambia wavuvi wameshavuka katika hali mbaya kuliko hiyo. Akasema ni kweli, na wengine hawajarudi. Hapo ndipo nilipomwita mwoga, kwa sauti, watu wakisikia, mimi msichana wa miaka ishirini na mitatu kwa mtu aliyekuwa na umri wa mjomba wangu. Benaya hakukasirika. Alisubiri nimalize kulia. Kisha akasema, "Katibu, likizo bado ipo na mabegi tumeshafunga. Tutafute pa kwenda miguu ikiwa mikavu."

Kolumba, ambaye kwao ni karibu na Mbinga mjini, akasema twende juu tukaone kahawa, ni msimu wa kuchuma. Wote tukamgeukia Egno, maana ndiye mwenye shamba la baba. Akawa anachimba mchanga kwa kidole cha mguu.

"Kwenu wanachuma sasa hivi?" Benaya akamuuliza.

"Wanachuma."

"Watu wanatosha?"

"Hawatoshi. Tulizaliwa saba, nyumbani amebaki dada mmoja. Lakini mzee hatatupokea."

"Hatatupokea sisi, au hatakupokea wewe?"

Egno akalifukia shimo lake kwa mguu. Benaya akamshika bega, akamwambia kwamba Chama kina watu watano wenye mikono kumi, na kwamba mtu mwenye kahawa mbivu mtini hafukuzi mikono kumi. Tulipata lori la wachuuzi wa usipa lililokuwa linapanda Mbinga saa hiyo hiyo. Stoo tulimokuwa tunaliweka tanga ilikuwa imepoteza mabati, nikakataa kuliacha. Nililiviringisha, nikalifunga kamba, nikalikalia njia nzima juu ya magunia ya samaki, nikiwa nimemnunia kila mtu. Kila kona tuliyopanda baridi iliongezeka, na Kolumba akacheka alipoona nimejifunika kanga mbili juu ya sweta.

Tulifika Mkumbi mchana wa siku ya pili. Sebule ya Mzee Kandidus, baba yake Egno, naiona mpaka leo kwa kuwa ndiyo sebule ninamoandikia haya: viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kama mtoto, picha ya Familia Takatifu, na pembeni yake picha ya Egno mwenyewe amevaa kanzu ya seminari, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Picha hiyo haikuwa imeondolewa. Nilimwona Egno akiitazama, kisha akatazama chini. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, koti amelifunga vifungo vyote. Tulimpa shikamoo mmoja mmoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, na kwa Egno akaitikia vile vile, sauti ile ile, hakuongeza wala kupunguza. Kisha akamwambia mkewe atuletee maji ya kunawa, "aanze na huyu mgeni," akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Sikuelewa kwanza. Nilielewa wakati wa chakula. Mama Egno alikuwa amesonga ugali wa mahindi, na maharage, na usipa tuliomletea, na alipotaka kumwita Egno jikoni amsaidie kubeba sinia, Mzee alisema kwa upole kabisa, "Mwache. Mgeni haendi jikoni." Egno aliposimama kuchukua kuni, Mzee alisema, "Kaa, mgeni, umechoka na safari." Ndivyo alivyomwadhibu: kwa heshima. Hakumkemea, hakumfukuza, alimkaribisha kwao kama mtu aliyetoka mbali na atakayerudi mbali. Niliona tonge la Egno likikaa mkononi bila kwenda mdomoni, na hasira yote ya kumkasirikia Benaya niliyopanda nayo mlimani ikanitoka, ikaacha nafasi ya kumtazama Egno.

Kesho yake tulichuma. Sisi wa ziwani tulikuwa kichekesho. Shamba la Mzee liliteremka kama ukuta, na pembeni yake kulikuwa na ngolo, mashimo yale ya Wamatengo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki ili mvua isibebe udongo. Yohana aliteleza akaingia katika moja mpaka kiunoni, na watoto wa jirani wakaja kumtazama. Dada yake Egno alinifundisha kuchuma nyekundu tu, kuacha zenye kijani, kuzungusha kidogo kabla ya kuvuta. Egno alichuma mstari wa peke yake, haraka, mikono ikikumbuka. Jioni tuliimenya kwa mashine ya mkono, zamu kwa zamu, na mikono yetu ikanuka utamu wa maganda.

Nilisikia mengi siku hizo mbili, maana nyumba ya vyumba vinne haina siri. Jikoni, Mama Egno na mdogo wake, mama mdogo wa Egno, waliongea Kimatengo wakidhani sisikii neno, kumbe nilikuwa nasikia nusu. Nusu nyingine Kolumba aliniletea sikioni. "Anamtazama sana," alisema mama mdogo. "Nani anamtazama nani?" "Yule mwalimu wa ziwani. Na huyu wetu naye." Mama Egno akakwangua chungu kwa mwiko. "Basi angalau kuna anayemtazama," alisema. Na barazani, siku ya Jumapili baada ya Misa, ambapo mimi na Benaya, Waanglikana wawili, tulikaa benchi la nyuma tukijaribu kupiga magoti kwa wakati unaofaa, niliwasikia Mzee na Benaya wakinywa togwa.

"Mwalimu, una watoto?" Mzee Kandidus aliuliza.

"Watatu."

"Yupo aliyekudanganya?"

"Wote watatu," Benaya akasema.

Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Huyu wangu hakunidanganya. Alikuja akanieleza ukweli, hapa, mbele ya paroko. Baba, sina wito. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu tarehe ya kuchinja ng'ombe wa upadrisho wake." Alinyamaza kama anavyonyamaza mwanawe. "Bora angenidanganya, ningejua namna ya kumkasirikia."

Benaya hakutoa ushauri wowote. Alimwomba amwongezee togwa. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kwa sababu hakuwa na la kusema. Sasa nimefundisha watoto miaka thelathini na kuzika wengi niliowapenda, na nadhani alijua tu kwamba Mzee alikuwa bado hajamaliza kujisikiliza.

Mvua ilikuja alasiri hiyo hiyo. Juni si mwezi wa mvua, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amejiandaa; lakini ule ule mwera uliotuzuia ziwani ulikuwa umesukuma mawingu mpaka yakakwama mlimani. Kwenye vichanja nyuma ya nyumba kulikuwa na kahawa ya wiki tatu, imemenywa, imeoshwa, imebaki siku chache ikauke kabisa. Kahawa ya namna hiyo ikilowa tena hugeuka rangi na kunuka, na mnunuzi akitumbukiza mkono mara moja tu anaikataa. Zamani ushirika ulikuwa unagawa nailoni za kufunikia. Zile za Mzee zilikuwa zimechanika mpaka zimekuwa nyuzi, mpya zilikuwa hazijaja, na wanunuzi binafsi waliokuwa wameanza kupita na pikapu zao walikuja na mizani, hawakuja na nailoni. Matone ya kwanza yalipopiga bati, Mama Egno alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, akakimbia nje na mkeka mmoja.

Mimi nilikimbilia chumbani. Sikufikiri; kama ningefikiri, pengine ningesita. Nilikata kamba kwa meno, nikatoka na tanga langu mikononi kama mtu anayebeba mgonjwa, na Benaya akalidaka pembe moja, Yohana nyingine. Upepo ukalijaza. Lilitaka kuruka na sisi, jamani, lilivuta kana kwamba tupo katikati ya ziwa, Kolumba akapiga kelele, na Mzee Kandidus akasimama katikati ya mvua akiwa na koti lake la Jumapili, anatazama kitu kikubwa cha michirizi ya buluu kikipiga juu ya kahawa yake.

"Egno!" aliita. "Unashangaa nini? Shika upande wa juu! Funga kwenye mti, si kwenye kichanja, utakiangusha!"

Egno alikimbia. Alifunga kwa fundo la mashua alilofundishwa na Benaya, akarudi akavuta upande wa pili, baba yake akimfokea kushoto, kulia, legeza, kaza, kwa Kimatengo na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, akimwita mzembe, akimwita wewe mtoto. Tanga lilifunika vichanja vitatu. Cha nne tulikifunika kwa vitenge, mikeka, blanketi, na mwishoni koti la Mzee. Tulipoingia jikoni sote tulikuwa tunatetemeka, maji yanatutiririka puani, na Egno alikuwa amekaa chini karibu na mafiga anafuta uso kwa kiganja. Sikujua kama ni mvua. Mzee akamtazama. "Leta kuni," akamwambia, "baba yako anaganda." Egno akainuka akaenda kuleta kuni.

Jumatatu lori lilikuwa linashuka saa nne. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, lakini mbingu ilikuwa bado chini, na tanga lilikuwa bado juu ya kahawa. Kutoka Mbamba Bay dereva alileta habari kwamba mwera umetulia na mitumbwi imeanza kutoka. Mzee hakuomba, asingeomba kamwe. Benaya alinivuta pembeni karibu na zizi. "Katibu, ni kazi ya mikono yako," alisema. "Ukitaka tulikunje, tutalikunja, na hakuna atakayekulaumu." Nilifikiria ile miezi mitatu, Liuli, na maji ya ghuba asubuhi. Nilijua pia, kwa kuwa sikuwa mjinga, kwamba tanga likibaki kuna mwingine atakayebaki nalo. Nilirudi uani nikasema kwa sauti, kabla moyo haujageuka, "Libaki mpaka ikauke."

Mzee Kandidus alikohoa. Alilishika pindo la tanga, akalipapasa mshono wangu kwa kidole gumba. "Mimi sijui kukunja kitu cha namna hii," alisema, bila kumtazama mtu. "Egno itabidi abaki."

Egno alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea begi. Hatukushikana mikono. Alisema, "Nitaandika," nami nikasema, "Andika." Lori lilipoanza kushuka nililia tena, na safari hii Benaya alinipa leso yake bila kungoja nimalize.

Aliandika. Aliomba likizo ndefu kazini, kisha akaacha kazi. Barua zake zilikuwa fupi, zimejaa kahawa: imekauka, imekobolewa, mnunuzi amesifu rangi. Katika ya tano aliniuliza jambo moja, na mimi nilijibu kwa ukurasa mmoja. Sisi wa Chama tulikaa Julai na Agosti bila mashua, tukitembea milimani Jumamosi badala ya kusafiri ziwani, na Benaya hakunikumbusha hata siku moja kwamba mimi ndiye niliyemwita mwoga. Nilimwomba radhi mwenyewe, nikiwa nimesimama karakanani kwake kwenye maranda. "Nilishasahau," akasema, akaendelea kupiga randa. Hakuwa amesahau, lakini alikuwa amesamehe pale pale ufukweni.

Septemba, ziwa likiwa limetulia kama sinia, Mzee Kandidus alishuka mwenyewe na mwanawe kurudisha tanga, limefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na alikuwa hajawahi kufika ziwani. Alivua viatu vyake, akavishika mkononi, akaingia mpaka vifundoni na koti lake, sisi tukimfuata nyuma. Alitazama ng'ambo kwa muda. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja.

"Kumbe hayana chumvi," alisema.

"Hayana, mzee," nikasema. "Tunayanywa."

Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama moja kwa moja usoni. "Binti, kwenu kuna maji ya kunywa mengi namna hii, mpaka macho yanachoka kuyatazama. Na wewe unataka kuja kwetu kupanda mlima na ndoo kichwani?"

Egno alikuwa nyuma yangu. Wavuvi walikuwa wanatusikiliza.

"Nitazoea, baba," nilisema.

Mzee alitingisha kichwa polepole. Alichota tena, akanawa uso, akajifuta kwa mkono wa koti. Kisha akamwambia mwanawe, "Umesikia? Wewe ni fundi wa maji. Kabla ya mvua za Desemba uwe umejenga tangi nyuma ya jiko."

Mambo ya makanisa yetu mawili yalichukua mwaka mzima na vikao vingi, lakini tangi lilikuwa tayari kabla ya Desemba. Lipo mpaka leo. Lina ufa upande wa kusini, na kila mwaka msimu wa mvua ukikaribia Egno alikuwa analiziba kwa saruji, akipiga mluzi, mimi nikimshikia ngazi. Jana jioni nilimwonyesha Kolumba ule ufa. Tuliutazama pamoja, kisha akaniuliza kama nimekwisha kumpata fundi mwingine, nikamwambia bado, bado sijamtafuta.